Jina Langu Kwenye Shaba

Naitwa Osukuku, na miaka ile, kama redio yako imekufa Busia na hujaniletea mimi, basi hukuwa umeamua kuitengeneza. Nasema hivyo bila kucheka. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, si mbali na foleni ya malori ya kwenda Uganda, na watu walinifuata kutoka Malaba, Chakol, hata Moding. Kazi nilikuwa naijua. Shida ni kwamba nilijua kuwa naijua, na sikutaka mtu asahau.

Nilikuwa na tabia moja. Kila bodi niliyotengeneza kwa mkono wangu lazima iwe na jina langu, na si kwa kalamu. Bodi ni kipande kigumu kilichofunikwa shaba upande mmoja. Unachora njia za umeme juu ya ile shaba kwa rangi ya kucha, hii hii ya akina dada, ikikauka unaitumbukiza kwenye asidi. Asidi inakula shaba yote, inaacha pale ulipopaka rangi tu. Sasa mimi, palipobaki nafasi, nilichora herufi nene: OSUKUKU BUSIA. Mafundi wa ng'ambo ya mpaka walikuwa na mchezo wa kununua vitu vyangu, kubandua karatasi yenye jina, halafu kuuza kama kazi yao. Nikasema sawa, jina la shaba libandueni basi.

Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, alikuja Etyang. Huyu alikuwa karani wa mizigo Malaba, mtu mpole, nyumbani kwao ni Chakol. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa, maneno hayatoki, ni mkono wa kulia tu unafanya kazi. Mke wa Etyang, Amuron, ndiye alikuwa anamwangalia, na bado watoto wawili na shamba vinamngoja.

"Fundi, nataka kengele," Etyang aliniambia. "Lakini isiwe na waya. Mama abonyeze akiwa kitandani, mke wangu asikie popote alipo. Inawezekana?"

"Kwa wengine haiwezekani," nilimjibu. "Kwangu unangoja wiki mbili."

Kusema kweli kazi ile niliipenda sana. Kitufe cha mama kilikuwa na bodi ndogo, unaifunika kwa sanduku la kiberiti, ndani yake kuna transista moja na betri. Boksi la kupokea lilikuwa na spika ndogo, ili Amuron alifunge kwa leso kiunoni. Na antena ya kitufe usifikirie ni ule mlingoti wa redio. Ilikuwa mstari mwembamba wa shaba, umezunguka ukingo wa bodi na kurudi karibu na ulipoanzia.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na Jentrix. Alikuwa dada wa miaka kama thelathini, amesomea mambo ya elektroniki Kisumu, tukagawana kibanda na kodi. Aliinama juu ya mchoro wangu, rangi bado mbichi.

"Boss, hapa ndani ya antena umeandika nini?"

"Huoni? Jina."

"Litoe hapo. Karibu na antena shaba haikai, panaachwa wazi. Ukijaza shaba namna hiyo inameza mawimbi. Kengele italia hapa mezani, mbali isifike."

"Nani amesema?"

"Tulifundishwa."

"Huyo mwalimu wako ametengeneza redio ngapi Busia?"

Alicheka kidogo, akadhani natania. "Si uandike jina kwa kifuniko, boss? Kifuniko kina kosa gani?"

Hapo nikawaka. Nilimwambia nilianza kufungua redio yeye akiwa bado anafunzwa kufunga viatu. Nikachukua brashi, na badala ya kutoa jina nikaongeza rangi, herufi zikanenepa zikakaribia kugusa antena. Nilifanya hivyo makusudi, akiwa ananitazama. Jentrix akarudi kwa kazi yake.

Nilipeleka kengele Chakol mwenyewe. Mama yake Etyang alibonyeza, Amuron akiwa jikoni, hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Boksi likalia mpaka kuku wakakimbia. Yule mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakamtoka. Mimi kifua mbele!

Amuron alikuja na boksi mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, anaongea polepole. "Fundi, na nikiwa kule kwa muhogo? Kule chini?"

"Dada, hata ukiwa kisimani utaisikia."

"Twende basi tujaribu. Mtoto atambonyezea mama."

Meza ilikuwa imeshaandaliwa, kuku na ugali wa wimbi. Lakini si njaa iliyonizuia, jamani. Niliona ananipima. Mwanamke wa shamba ananiambia mimi tujaribu! Nikamwambia, "Mimi nikisema italia, italia," nikanawa mikono, nikakaa kula. Amuron akasema sawa. Mgeni hawezi kubishiwa mbele ya chakula.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu mchana, Etyang aliingia kibandani, akaweka kitufe na boksi juu ya meza yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, niambie ukweli. Hii kitu ni nzima?"

"Kwani kuna nini?"

Alinieleza akiwa amesimama. Siku ya Jumamosi mama yake alijaribu kushuka kitandani akaanguka, akavunjika nyonga. Alilala pale kwa sakafu kutoka saa nne mpaka saa saba. Aliyemkuta ni Akol, dada mkubwa wa Etyang, aliyepitia kuleta maziwa. Alimkuta mama na kitufe mkononi, kidole bado kimekibonyeza. Amuron alikuwa kwa muhogo anapalilia, na boksi kiunoni.

"Anaapa haikulia," Etyang alisema. "Dada yangu anasema ililia, Amuron akaamua kunyamaza, amechoka na mama. Nimekataa kuamini. Nikasema kwanza niende kwa fundi."

Nilichukua kitufe. Boksi lilikuwa pale pale mezani, haifiki hata mkono mmoja. Nikabonyeza. Likalia kwa nguvu zote.

"Umesikia mwenyewe," nilimwambia. "Vitu vyangu haviharibiki ovyo."

Etyang alivuta kiti akakaa. "Unajua nilitaka sana iwe imeharibika," alisema. Halafu akainuka. "Kaa nayo. Sitaki kuiona nyumbani kwangu."

Alipotoka, Jentrix aliweka chini kazi yake, akachukua kitufe, akatoka nje. Alibonyeza akiwa mlangoni, boksi likalia. Akavuka njia, likalia. Akafika kwa mshona nguo, si mbali, hatua thelathini hivi, nikamwona anabonyeza. Kimya. Akainua mkono juu ili nione vizuri, akabonyeza tena. Boksi lilikuwa mbele yangu, limenyamaza kabisa.

"Betri hiyo!" nilipiga kelele. Nikabadilisha betri zote mbili, mpya, kutoka kwa karatasi. Akarudi pale pale kwa mshona nguo. Kimya.

Aliporudi hakunicheka. Afadhali angenicheka. "Boss, mfuate," alisema. "Gari la Malaba bado halijajaa, utamkuta stendi."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa."

"Jentrix, nimesema nitamwambia!"

Sikutoka. Nilikaa pale nikipanga misumari isiyohitaji kupangwa, mpaka nikasikia gari la Malaba limeondoka.

Siku ya Jumanne nilichukua wembe nikakwangua jina langu. Lilikuwa limeshika kweli kweli, ilinichukua nusu ya asubuhi, vidole vikachubuka. Nikarekebisha kidogo koili, yaani ule waya uliozungushwa. Nikamwomba Jentrix awe anabonyeza, mimi nikashika boksi nikatembea. Likalia kwa mshona nguo. Likalia kwa wauza ndizi. Likalia mpaka kwa kinu cha kusaga mahindi, zaidi ya hatua mia moja na hamsini, umbali wa kutoka kitandani kwa mama mpaka kule kwa muhogo na kurudi. Nilisimama kwa ukuta wa kinu, boksi linalia mkononi, watu wananitazama, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Hakuna aliyejua kwa nini, lakini mimi nilijua. Kilichomnyima yule mama msaada ni herufi zangu.

Utasema, si uende sasa! Hata mimi nilijiambia hivyo. Jumatano nikasema nitaenda Alhamisi. Alhamisi akaja mteja akanisifu, ati amesikia kengele ya Osukuku imemshika mwanamke mmoja Chakol aliyemwacha mama mkwe sakafuni. "Wewe ni mtu hatari, kengele yako inatoa ushahidi!" Nikacheka naye. Haki ya Mungu nilicheka, na meno nje. Alipoondoka Jentrix alinitazama tu, nikashindwa kumtazama. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, mzee wa watu, na naogopa macho ya dada niliyemwambia hajui kufunga viatu.

Ijumaa jioni Jentrix alitoka sokoni na habari. Alikuwa amekutana na mwanamke wa Chakol, wa jumuiya moja ya kanisa na kina Etyang. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa siku hiyo, wakamwita Amuron. Akapiga magoti mbele yao akakubali. Akasema alisikia kengele, akasema moyoni amalize mstari wa muhogo kwanza, akachelewa. Akaomba msamaha. Lakini Akol hakumsamehe. Kesho kaka yake Amuron angekuja kumchukua, arudishwe kwao Moding. Watoto wangebaki.

Sasa nitasema kitu ambacho sijawahi kusema kwa mtu. Niliposikia amekubali, nilifurahi. Kitu kizito kilinitoka kifuani. Nikasema, "Kumbe alisikia!"

"Angesikiaje?" Jentrix aliuliza.

"Si amekubali mwenyewe?"

"Boss, angesikiaje?"

Jentrix alifunga mkoba wake. "Asubuhi mimi naenda Chakol. Ukitaka, twende. Ukikataa, nitasema peke yangu, na hiki kibanda utakaa nacho peke yako."

Kwa hivyo mtu asinisifu kwamba nilienda. Nilienda kwa sababu nilikuwa karibu kuumbuliwa. Nilimwambia Jentrix abaki, nitaenda mwenyewe, akakubali shingo upande.

Jumamosi nilishukia njia panda, nikachukua bodaboda ya baiskeli mpaka kwao. Nilikuwa nimejipangia maneno, lakini nilipoingia uwanjani yaliniishia. Walikuwa wote nje. Akol amekaa kwenye kiti, mikono imekunjwa, mwanamke mnene mwenye sauti. Kando yake akina mama wawili wa jumuiya. Etyang amesimama kwa mlango. Mwanamume mmoja kijana, Okurut, kaka ya Amuron, amebeba mfuko wa nguo. Amuron mwenyewe amesimama katikati, kichwa chini, na watoto wake wawili wamemshika sketi, mmoja kila upande.

"Fundi amekuja!" Akol alisema. "Vizuri. Waambie watu wa Moding vile kengele yako ililia, wasije wakasema tumemwonea."

"Haikulia," nikasema.

Hakuna aliyenielewa, nikarudia. Nikasema haikulia. Nikasema niliweka jina langu la shaba karibu na antena, nikaambiwa nisiweke, nikaweka. Nikasema kitufe kile kilikuwa hakiwezi kufika kwa muhogo, hakiwezi kabisa, hata mama angebonyeza mpaka jioni. Kule kwangu kililia kwa sababu boksi lilikuwa hapo hapo mezani. Nikasema dada huyu aliniomba tujaribu, nikakataa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Akol alisimama. "Lakini amekubali! Amekubali mbele ya jumuiya kwamba alisikia!"

Watu wote wakamgeukia Amuron. Alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mimi.

"Haikulia?" aliniuliza.

"Haikulia, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliweka mkono juu ya sikio lake. "Mimi nilisema haikulia. Siku ya kwanza nilisema, ya pili nilisema. Wakaniambia fundi ameipima, imelia. Nikaanza kufikiri. Nikasema labda ililia nikadhani ni ndege. Halafu nikaanza kuisikia. Nikiosha vyombo naisikia. Nikisali naisikia. Nikasema basi, ni kweli, nilimwacha mama." "Juzi nilienda hospitali nikamwambia mama mwenyewe. Nikamwambia nilikusikia, nikakuacha. Akageuza uso kwa ukuta."

Mmoja wa akina mama wa jumuiya alianza kulia. Etyang alishuka kutoka mlangoni. "Amuron," alisema, "rudisha mfuko ndani. Okurut, kaka, niletee huo mfuko."

Amuron hakumwangalia. Bado alikuwa ananitazama mimi. "Fundi, ulijua lini?"

Hilo swali ndilo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema asubuhi hii, nikaja mbio. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeshachoka kuwa mimi.

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu ile Etyang alikuja kwako?"

"Hiyo hiyo. Hakuwa amefika hata stendi."

Nikaona anahesabu siku kwa midomo. "Kwa hivyo nilipoenda kwa mama hospitalini, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na jana, nikipiga magoti kwa hawa watu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Ningeshukuru kama angenitukana. Ningeshukuru kama Okurut angenipiga, na alikuwa na mikono ya kunipiga. Amuron alitikisa kichwa tu, mara moja, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Halafu akamgeukia mumewe.

"Na wewe," alimwambia, "mimi nimelala na wewe miaka tisa. Nilikuambia mara ngapi haikulia?"

Etyang alimnyoshea mkono. Amuron hakuushika.

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Nilitaka kukuamini," Etyang alisema.

"Ukaenda kuiuliza kengele."

Alishika watoto wake mikono, mmoja kushoto na mmoja kulia. Akamwambia kaka yake twende. Akol alipiga hatua moja, nadhani alitaka kusema watoto ni wa hapa, lakini Amuron alimtazama na Akol akakaa tena kwenye kiti chake. Hakuna mtu aliyekuwa na mdomo wa kumzuia. Etyang aliwafuata mpaka barabarani akimwita jina, akimwambia subiri, akimwambia mama akirudi ataangaliwa na nani, na yeye hakusimama. Walipita mbele yangu karibu sana, mtoto mdogo akanisalimia kwa sababu alifundishwa kusalimia wageni. Nikaitikia. Halafu wakashika njia ya Moding, wote wanne.